Hadithi Inavyotushika: Watunzi na Kazi ya Kugeuza Moyo wa Msomaji

Wengi wanapoandika juu ya desturi zetu wanachagua mambo yanayoonekana kwa macho: ndoa, kilio, ngoma, namna ya kuvua samaki. Mimi ni mwalimu wa lugha katika masomo ya sekondari, na kazi yangu ni vitabu. Kwa hiyo nimechagua desturi moja isiyoonekana, ile ya kumrudi mtu kwa hadithi. Wazee wetu waliijua vizuri. Watunzi wa vitabu wameichukua na kuikuza. Sisi walimu, ninaogopa, tunaiharibu kila siku mbele ya ubao.

Nitoe sababu. Kila tunapomaliza kusoma kisa darasani tunauliza swali lile lile: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Wanafunzi wanajua jibu hata mbele ya kusoma. Tusiwe wavivu. Tuheshimu wazazi. Tusiibe. Wanaandika katika kaye, sisi tunatia alama nyekundu, na kesho yake mwenye kuiba anaiba. Kama fundisho lingetosha, mtunzi angeandika mstari mmoja tu na kuokoa karatasi. Lakini anaandika kurasa mia. Anatafuta nini katika kurasa hizo zote? Hilo njo swali la makala haya.

MOTO WA JIONI

Turudi kwanza kwenyi moto. Nkambo anajua kwamba mmoja wa wajukuu wake amechukua ndakala katika kikapu cha jirani. Anajua pia ni nani. Hamwiti, hamgombezi. Wakiisha kula anaanza hadithi ya Kalulu na fisi. Wanyama wamemwachia fisi kulinda chakula, naye fisi anakula kidogo kidogo kila usiku, akiwaza kwamba hakuna anayehesabu. Watoto wanacheka. Wanasema fisi mjinga, fisi mbaya, apigwe. Mtoto aliyeiba naye anacheka, tena anacheka kuwapita wote. Halafu ananyamaza. Nkambo haongezi neno. Kesho asubuhi samaki wamerudi, au mtoto anakuja peke yake kusema.

Wasomaji wa Biblia wanajua kwamba nabii Natani alifanya hivyo hivyo kwa mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Daudi alikuwa amechukua mke wa Uria na kumtuma Uria afe vitani. Natani hakumwambia mfalme kwamba ametenda dhambi. Alimwambia habari za tajiri mwenye kondoo wengi ambaye alinyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu ya kifo. Baada ya hapo tu njo nabii akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Ilikuwa kuchelewa kwa mfalme kujitetea, kwa maana hukumu ilikuwa imekwisha kutoka katika kinywa chake.

Tukiangalia vizuri, nkambo na nabii wanapitia hatua tatu. Ya kwanza, hadithi inatuondoa kwetu na kutupeleka mahali ambapo hatuna cha kutetea. Ya pili, inatufanya tuhukumu watu wa kule, kwa moyo wote. Ya tatu, inaturudisha nyumbani na hukumu hiyo mkononi. Fundisho la mwisho, lile tunalolipenda sisi walimu, linakuja wakati kazi imekwisha kufanyika. Kwa mizani hii ya hatua tatu nataka kupima vitabu vichache.

KUSADIKIKA: KISA MBELE YA BARAZA

Cha kwanza ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Mtunzi (1909–1962) alikuwa karani wa serikali ya Waingereza kule Tanganyika, ng'ambo ya ziwa letu. Mtu mwenye kula mshahara wa mkoloni hawezi kuandika wazi kwamba mkoloni hapendi haki. Basi alibuni nchi iliyo angani. Hatua ya kwanza hapo imefanyika kwa ukamilifu: msomaji ameondolewa kabisa duniani. Hakuna mkubwa anayeweza kusema kwamba nchi hiyo ni yake bila kujishitaki.

Katika nchi hiyo kijana Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu elimu ya sheria. Angalia namna anavyojitetea. Kwa siku sita, mbele ya mfalme na baraza, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, ili kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao. Kila mmoja aliteseka, akaona mambo mazuri, akarudi kuyaleta. Kila mmoja alitiwa kifungoni. Mwishoni mfalme anageuka: Karama anashinda, na wajumbe wanafunguliwa. Ni kusema, kitabu chenyewe ni mfano wa jambo tunalochunguza. Msimuliaji anaokoa maisha yake kwa visa, kama Shaharazadi wa Alfu Lela Ulela, na nyuma yake mtunzi anatufanyia sisi kile ambacho Karama anamfanyia mfalme.

Je, anafaulu? Mimi ninasema anafaulu nusu. Udhaifu wa kwanza ni majina. Mtu anayeitwa Majivuno hawezi kuwa na haki hata siku moja, na msomaji anajua mbele ya kesi kuanza kwamba atashindwa. Hukumu tunaikuta imeandikwa katika jina, haitoki katika kinywa chetu sisi. Hatua ya pili inapungukiwa. Udhaifu mwingine ni hotuba. Karama anasema maneno mazuri sana juu ya haki na sheria, lakini mara nyingi tunasikia sauti ya mtunzi ikipita ndani ya mdomo wake, na wanafunzi wangu wanaruka kurasa.

Lakini kuna jambo ambalo wakosoaji wengi wanalilaumu na mimi ninalitetea: kurudia-rudia. Wanasema safari sita ni nyingi, tena zote zinakwenda njia moja. Ni kweli ukisoma peke yako kimya. Soma kwa sauti mbele ya watu, utaona. Kwenye mjumbe wa tatu wasikilizaji wanakwisha kujua kitakachokuja. Kwenye wa nne wanatikisa kichwa. Kwenye wa tano mtu wa nyuma anasema yeye mwenyewe: "Na huyu naye watamufunga." Hapo msikilizaji ametoa hukumu juu ya nchi nzima bila hotuba yoyote. Ni ufundi wa hadithi ya jioni, ambapo kiitikio kinarudi mpaka kila mtu anakiimba. Katika Kusadikika nguvu kubwa iko kwenye mlango wa gereza unaofungwa mara sita, kuliko katika maneno matamu ya Karama.

ROSA MISTIKA: HUKUMU INAYOHAMA

Miaka 20 baadaye, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe (1944–2020) alitoa Rosa Mistika. Yeye hatupeleki angani. Anatuweka katika nyumba kama zetu, yenye baba mlevi anayeitwa Zakaria na binti wengi. Rosa, mkubwa wao, anapata barua kutoka kwa kijana, na baba anampiga vibaya sana. Toka siku hiyo binti anaogopa wanaume wote. Anakwenda masomoni katika ukali huo huo, na siku kamba inapokatika, anaanguka mpaka chini. Mwishoni anajiua.

Kitabu hiki kilipotoka kilizuiwa katika masomo ya Tanzania, kwa kuwa wakubwa waliona kina mambo ya aibu. Baadaye kikaja kusomwa na wanafunzi kwa mtihani. Mimi ninaona kwamba waliokizuia waliifahamu nguvu yake kuliko wengi wanaokisifu leo. Kitabu kisichoshika mtu, nani atajisumbua kukifunga?

Nguvu hiyo inatoka wapi? Majina hapa hayahukumu, wala hakuna Karama wa kutuhubiria. Kezilahabi anaifanya hukumu yetu ihame. Mwanzoni tunamhukumu Zakaria, na ni rahisi, maana mlevi mwenye kupiga mtoto hana mtetezi. Katikati tunaanza kumhukumu Rosa. Mwishoni tunabaki na hukumu mkononi bila kujua pa kuiweka, na hapo inaturudia sisi wenyewe.

Niliwahi kusoma sehemu za kitabu hiki pamoja na wanafunzi wakubwa. Nakala ilikuwa moja tu, imevuka ziwa toka Kigoma, na kurasa zilikuwa zinatoka. Sikuuliza fundisho. Niliuliza tu: "Nani alimuua Rosa?" Vijana wawili watatu wakajibu upesi kwamba ni yeye mwenyewe, kwa mwenendo wake. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema: "Mwalimu, ule baba njo alimuua, siku ile ya barua. Balimuzika tu nyuma." Darasa likanyamaza. Siku iliyofuata mzazi mmoja akanisimamisha njiani, akaniuliza ni kitabu gani ninachosomesha watoto, kwa sababu binti yake alimwambia: "Baba, usikuwe Zakaria." Alisema hivyo kwa hasira, lakini alikuwa anacheka kidogo pia. Toka miaka yote ya kufundisha, fundisho la ubaoni halijawahi kunifuata njiani namna hiyo.

LUGHA GANI INATUSHIKA?

Kuna jambo moja la kwetu Kongo ambalo halina budi kutajwa. Mwaka 1948 Paul Lomami Tchibamba alipata zawadi huko Brussels kwa kisa chake Ngando. Kijana Musolinga anatoroka masomo, anakwenda mtoni kuoga, mamba anamchukua, na mamba huyo ametumwa na wachawi. Baba yake na wenzake wanaingia katika ulimwengu wa chini ya maji kumtafuta, na safari inaharibika kwa sababu sharti limevunjwa. Mtoto wa Kalemie, anayekatazwa kuoga ziwani jioni kwa sababu ya mamba, hahitaji maelezo mengi kuingia katika kisa hiki. Lakini kimeandikwa kwa Kifaransa. Anakutana nacho kama zoezi la sarufi, na hofu ya kukosea kitenzi inafukuza hofu ya mamba. Zamenga Batukezanga (1933–2000), aliyesomwa sana katika nchi yetu, alijaribu kupunguza umbali huo kwa vitabu vifupi na Kifaransa chepesi, kama Bandoki cha mwaka 1973. Wasomaji walimfuata. Hata hivyo mara nyingi anaingia katikati ya kisa kutoa mashauri, na ninapomsoma ninamsikia mwalimu mwenzangu akipiga ubao.

Vitabu vya Kiswahili navyo vinatoka ng'ambo, katika Kiswahili bora ambacho watoto wetu wanakisikia kama sauti ya radio. Wanakifahamu, lakini hawagombani kwa lugha hiyo, wala hawalii kwa lugha hiyo. Kule Lubumbashi kikundi cha Mufwankolo kilionyesha njia nyingine, kikicheza michezo katika Kiswahili kile kile cha sokoni. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya msemo kwamba utawala unaliwa mzima, haugawanywi, na mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kilichotoka 1990. Watazamaji waliosikia chifu wa mchezoni akisema kwa lugha ya nyumbani hawakuwa na safari ndefu ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo hatua ya tatu inategemea lugha sana. Mtu akiondolewa kwa lugha ya wengine, anaweza kukosa njia ya kurudi.

HADITHI INAPOTUPOTEZA

Mpaka hapa nimesifu. Lakini chombo chenye kukata kinakata pande zote. Hadithi inaweza kutuondoa na kutufanya tuhukumu, kisha isiturudishe. Inatuacha kule, tukimhukumu mwenzetu milele. Ni hadithi ambamo mjinga ni mtu wa kabila moja kila mara, au mwizi anatoka kijiji kimoja, au mtu wa porini anadanganywa kwa chumvi na kitambaa. Tunacheka, na kicheko hicho hakiturudii.

Sisi wa Tanganyika hatuwezi kuliongelea jambo hili kama mchezo. Vita kati ya Batwa na Baluba, hasa miaka ya 2016 na 2017, vilichoma vijiji, na watu elfu na elfu walikuja kulala chini ya nyasi na sheeting kandokando ya Kalemie. Sisemi kwamba hadithi zilileta vita. Kulikuwa mambo ya ardhi, ya kodi, ya kazi isiyolipwa, ya ndoa zilizokataliwa. Ninasema tu kwamba dharau inafundishwa, na imefundishwa kwa kicheko kabla ya kufundishwa kwa mshale.

Nami nina sehemu yangu. Wakati wakimbizi walipokuwa wamejaa, nilisimulia darasani kisa nilichokipenda toka utoto, cha mtu wa porini anayekuja sokoni kwa mara ya kwanza. Nilikisimulia vizuri, na wote walicheka. Kijana mmoja kwenye benchi la mwisho hakucheka. Aliangalia kaye yake. Alikuwa amefika na jamaa zake muda mfupi kabla, na mimi sikujisumbua kujua ametoka wapi. Hakurudi darasani kesho yake, wala juma lililofuata. Sijui kama sababu ilikuwa kisa changu. Wakimbizi walikuwa na sababu nyingi za kukosa masomo. Lakini kisa kile sijakisimulia tena. Siku ile hakuna aliyeniuliza hadithi inafundisha nini. Kama wangeuliza, ningejibu kwamba inatuchekesha tu.

Wengine wanasema dawa ni kuwafanya watu wazungumze. Kule Kivu kulikuwa mchezo wa radio uitwao Kumbuka Kesho, uliotungwa kusaidia watu kuishi pamoja baada ya vita. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha sehemu zilizosikia mchezo peke yake na sehemu zilizosikia mchezo pamoja na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wazungumze. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2010 yaliwashangaza wengi. Waliohimizwa walizungumza zaidi, ni kweli, lakini walikuwa wakali zaidi kwa watu wasiowapenda, na tayari kidogo kuwasaidia.

Mimi ninaona funzo kwa mwalimu hapo. Pengine wasikilizaji wale walitoka mapema katika kisa, kila mtu akaenda kuchukua malalamiko yake ya zamani. Hatua ya pili ilikatwa. Nkambo hakuuliza kamwe: "Nani kati yenu anapenda kuiba?" Aliacha watoto wamalizane kwanza na fisi. Natani naye alimngoja Daudi amalize hasira yake. Majadiliano yanayofaa yanabaki kwanza ndani ya hadithi, na watu wake, na makosa yao, mpaka hukumu iive. Njia ya nyumbani kila mtu ataiona mwenyewe.

TUFANYE NINI?

Kwa walimu wenzangu, na kwa wote wanaokusanya hadithi za wazee ili zisipotee, ninaleta maulizo manne ya kuweka mahali pa lile swali la fundisho.

1. Nani anasimulia, na ana faida gani tukimsadiki?

2. Nani katika kisa hiki hapewi nafasi ya kusema?

3. Wakati gani tulicheka au tulikasirika, na juu ya nani?

4. Kama yule tuliyemcheka angeketi hapa kati yetu, tungeisimulia namna gani?

Ulizo la nne njo gumu, nami nimelijua kwa kuchelewa. Kukusanya hadithi zetu ni kazi njema, na kijitabu cha namna hii kina sababu ya kuwapo. Lakini tusiziweke tu kama samaki waliokaushwa. Nyingine zinahitaji kusimuliwa upya kutoka upande wa yule asiyesema. Kezilahabi alimpa Rosa nafasi hiyo, naye Shaaban Robert aliwapa wafungwa sita. Hakuna anayetukataza kumpa mtu wa porini nafasi yake, sokoni kwetu, aeleze yeye alivyotuona sisi.

Mwaka huu nimeanza kukiandika kisa hicho upya. Bado hakijaisha. Kinaanza na mtu aliyebeba asali, anasimama ukingoni mwa soko, anaangalia watu wanaopiga kelele juu ya bei ya ndakala, na anajiuliza ni nini kinachowafanya wachekane hivi. Kikiisha nitakisoma darasani, na nitaangalia kwanza benchi la mwisho.